Potifolio za kielektroniki chuo cha ualimu: jibu kwa mtoa mada

Mkuu, umesema chuo chenu kimeagiza kila mwalimu mwanafunzi awe na potifolio ya kielektroniki, yaani mkusanyo wa kazi zake za kufundisha na tafakuri zake unaotunzwa mtandaoni, kuanzia muhula ujao, na wewe ndiye uliyekabidhiwa kuisimamia. Umeuliza itumike programu gani, ipewe alama au isipewe, na kama kweli kuna mwajiri anayeifungua. Mimi ni mkufunzi, nimeanza na majalada ya karatasi mpaka haya ya mtandaoni. Naanza na la alama, maana hilo ndilo linaloamua yaliyobaki.

Potifolio moja haiwezi kutumikia mabwana wawili. Mwanachuo akijua kwamba ukurasa anaoandika utapewa alama, hawezi kukiri kwamba darasa lilimshinda. Ataandika: "Somo lilikwenda vizuri ila muda haukutosha." Sote tunaifahamu sentensi hiyo. Ukiamini tafakuri za mazoezi ya kufundisha, basi tatizo pekee la elimu duniani ni saa ya ukutani.

Helen Barrett, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu potifolio za kielektroniki, alizielezea kuwa na sura mbili: mahali pa kufanyia kazi na mahali pa kuonyeshea kazi. Mimi nimezitenganisha kabisa. Sehemu ya kwanza haina alama, tunaisoma mimi, mwanachuo na mwenzake mmoja aliyemchagua mwenyewe. Humo anaweka chochote, hata andalio la somo lililovurugika. Sehemu ya pili anaijenga mwishoni kwa kuchagua vitu vichache kutoka ile ya kwanza na kueleza kwa nini amevichagua. Hiyo ndiyo yenye alama, na kinachopimwa zaidi ni maelezo ya uchaguzi wake. Kukusanya mafaili hakumfundishi mtu chochote, ila kuamua lipi liachwe kunamlazimisha ajiulize ualimu wake umesimama wapi.

Sasa, kitu gani kinastahili kuwekwa? Hapa ndipo potifolio nyingi zinapokufa. Ukimwachia mwanachuo atajaza vyeti vya semina, picha akiwa ameshika chaki, na falsafa yake ya elimu kurasa nne. Hayo yote yanamhusu yeye. Ushahidi wa kufundisha uko kwa mwanafunzi aliyefundishwa, kwa hiyo sharti langu ni moja: kila ingizo liwe na kazi ya mtoto ndani yake.

Nitatoa mfano mmoja uone tofauti. Mwanachuo alipiga picha ukurasa wa daftari la hisabati ambapo mtoto ameandika 1/3 + 1/4 = 2/7. Maelezo yake ya kwanza yalikuwa mstari mmoja: mtoto hajaelewa kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Nikamwandikia pembeni swali moja tu: "Huyu mtoto ameona nini mpaka akapata 2/7?" Akarudi kwenye picha ya ubao aliyokuwa ameipakia siku hiyo hiyo. Kumbe alichora duara lililokatwa vipande 3, kimoja kimepakwa rangi, na kando yake duara lililokatwa vipande 4, kimoja kimepakwa rangi. Mtoto alihesabu vipande vyote, akapata 7, na vilivyopakwa rangi 2. Alisoma mchoro sawasawa kabisa! Mchoro ndio uliompeleka huko, kwa sababu hakuna mahali palipoonyesha kwamba vyote vinapimwa kwa kizima kimoja. Andalio lililofuata lilikuwa na mstatili mmoja uliogawanywa sehemu 12, na mtoto akaona mwenyewe 4 na 3, yaani 7/12. Tafakuri ya aina hiyo huwezi kuipata kwa kumwambia mtu "andika ulichojifunza wiki hii". Imepatikana kwa sababu daftari, ubao na andalio vilikuwa pamoja, vina tarehe, na palikuwa na mtu wa kuuliza. Kazi ya kompyuta hapo ni kuviweka pamoja tu.

Video nazo zina nguvu yake, ila mzuie mwanachuo asipakie somo zima. Hakuna atakayelitazama, hata yeye. Dakika 5 hadi 10 zenye swali zinatosha. Zoezi ninalolipenda linatokana na utafiti wa Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyeonyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuingilia, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka na wanaojitolea kujibu huongezeka. Mwambie mwanachuo ahesabu sekunde zake mwenyewe kwenye video. Hutahitaji kumhubiria. Wengi hurudi wakilalamika kwamba hawakujua wanaongea kiasi kile.

Lakini kwenye video za watoto kuwa mkali. Ruhusa ya shule na ya wazazi kwa maandishi, kamera ielekezwe kwa mwalimu, majina kwenye madaftari yafunikwe kabla ya kupiga picha, na faili lisiwe na kiungo cha wazi kinachoweza kusambazwa. Mwanachuo akimaliza kulitumia, alifute pia kwenye simu yake. Kama chuo hakijaandika utaratibu huo, anzeni bila video, kazi za watoto pekee zitawatosha.

Kuna wanaosema potifolio ni mambo mapya ya teknolojia. Si mapya hata kidogo. Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, na wenzake pale Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu kupima walimu katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, zikiwa za karatasi. Mwaka 1998 yeye mwenyewe akaonya juu ya hatari zake, na ya kwanza ni ya kulaminisha, kama karatasi inavyofunikwa kwa plastiki: jalada kung'aa kuliko kilichomo. Leo karatasi ya plastiki imekuwa violezo vya rangi na picha zinazojongea, ugonjwa ni ule ule. Usitoe alama yoyote ya mwonekano. Ukitoa hata 5, watu watatumia usiku kucha kuchagua mandhari.

Na mjadala wa alama una funzo kubwa Marekani. Kuna tathmini inayoitwa edTPA: mwalimu mtarajiwa anatuma maandalio, video, kazi za wanafunzi na maelezo yake, watu wa nje wanasahihisha, na ada ilikuwa dola 300. Vilivyomo ni vizuri, karibu vile vile ninavyovitetea hapa. Lakini ilipofungamanishwa na leseni ya ualimu, kwa jicho langu ikawa mtihani kama mitihani mingine, watu wakijifunza msahihishaji anataka kusikia nini. Jimbo la New York lililoifanya sharti liliiondoa mwaka 2022. Chuo chenu kikisema potifolio ndiyo itakayoamua nani ahitimu, tegemeeni hayo hayo.

Suala la akili mnemba najua litaulizwa chini huko, kwa hiyo nilimalize. Ndiyo, wanaandikia tafakuri humo, na nyingine zinapendeza kuliko zangu. Dawa yake ni mazungumzo. Mwanachuo anafungua ingizo moja mbele yako, unanyoosha kidole kwenye daftari la mtoto na kumuuliza. Aliyefundisha somo lile anajua nani alikuwa amekaa dirishani. Mwingine atakusomea aya.

Hayo mazungumzo yanadai muda, na hapa ongea na uongozi mapema. Kama ratiba ya wakufunzi haina saa za kusoma potifolio, msianze. Zitafunguliwa wiki ya mwisho, na tarehe za mfumo zitakuumbua: tafakuri za mwaka mzima zimepakiwa usiku mmoja. Mimi siandiki maoni kwenye kila ingizo. Kila wiki nachagua ingizo moja na kuliandikia swali moja, mengine wanasomeana.

Programu: hili ni dogo kuliko watu wanavyolikuza. Mahara, programu ya potifolio, ilianzia New Zealand mwaka 2006, na inaungana na Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, kama mnao. Hata folda za mtandaoni zinafaa. Angalia mwanachuo aweze kuamua nani aone nini, ifunguke kwenye simu, na aweze kuondoka na kazi yake yote. Hilo la mwisho msilipuuze. Akaunti za chuo hufungwa mtu akihitimu, na nimeona wahitimu wakitafuta kazi zao zikiwa zimeshapotea. Mafaili nayo yawe ya aina za kawaida, PDF, JPEG, MP4. Waliotengeneza kazi zao kwa Flash, teknolojia ya zamani ya picha zinazojongea, walibaki na mafaili yasiyofunguka baada ya mwisho wa 2020.

Waajiri? Wengi hawafungui. Wakuu wa shule ninaowajua hawana nafasi ya kupitia tovuti yenye kurasa kumi na tano. Anayefaidika ni yule anayeingia kwenye usaili, akiulizwa kuhusu darasa gumu, anatoa mfano wa daftari na anachosema kina mwanzo na mwisho. Kwa barua ya maombi, mwambie atengeneze ukurasa mmoja tofauti: kazi ya mtoto kabla, kazi ya mtoto baada, sentensi chache katikati. Kisha ajaribu kiungo hicho kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kukituma, maana vingi ninavyotumiwa vinaniomba nywila.