Kamera 3 zinamaliza bando langu kwa siku 6, niziondoe?

Swali: Assalaam aleykum fundi. Naishi Wete, Pemba. Nyumbani nimefunga kamera 3 za waifai: mlangoni, uani, na moja inaangalia majamvi tunapoanika karafuu. Ruta inatumia laini ya simu, na nalipia hifadhi ya mtandaoni. Zamani GB 50 zilinifikisha mwisho wa mwezi, sasa siku ya 6 sina kitu. Picha zote nimeziweka HD. Kaka yangu yuko Maskati, naye huzifungua zote kama saa 2 kwa siku. Niziondoe?

Jibu: Waaleykumu salaam dada yangu. Usiziondoe, khasa msimu huu karafuu zikiwa juani. Kamera haili bando kwa kurekodi. Bando linaliwa pale picha inapotoka nyumbani kwenda nje, kwa hiyo tutafute nini kinatoka.

Kamera ya HD kwa kawaida hutuma kama megabiti 2 kwa sekunde. Biti 8 ni baiti 1, basi hiyo ni robo ya MB kila sekunde, yaani MB 900 kwa saa. Kaka akifungua zote 3 kwa saa 2 ni GB 5.4 kwa siku, na zinakatwa kwenye laini yako hapo Wete, mbali na zinazokatwa kwake. Hizo peke yake zingelimaliza bando kwa siku 9. Lako linakwisha kwa 6. Basi kuna karibu GB 3 kila siku zinazotoka bila ya mtu kuangalia.

Hapo mimi huuliza: uani kuna mti gani? Nimekuta nyumba nyingi kamera imeelekezwa penye mgomba au mnazi. Kusi ikivuma makuti yanacheza, kamera inadhani kuna mtu, inatuma kipande cha sekunde 20 mtandaoni. Kipande ni MB 5 tu, lakini mara 600 kutwa ni GB 3. Usiku wadudu wanafuata mwanga wa kamera, na buibui anatanda mbele ya kioo. Futa kioo kwa kitambaa laini kila wiki. Washa na taa ya nje pia: gizani picha hujaa chengachenga, na chenga hizo zinaongeza data.

Leo hii mpigie kaka, mwambie abonyeze HD iwe SD, yaani picha ya ubora wa chini. Picha ya SD hutumia kama nusu megabiti, kwa hiyo saa zake zilezile 2 zitashuka hadi GB 1.35. HD aifungue akitaka kuona uso wa mtu. Wewe ukiwa ndani kwenye waifai hiyohiyo, kamera nyingi huleta picha kwenye simu bila ya kupita nje. Ukiangalia kwa data ukiwa sokoni, unakatwa pande zote mbili.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya kila kamera. Chora eneo la kuangaliwa: mlango na majamvi yawe ndani, makuti yabaki nje. Kama kuna chaguo la kutambua watu tu, liwashe. Ukiona H.264 na H.265, ambazo ni njia za kuibana video, chagua H.265, maana hutumia kama nusu ya data kwa picha ileile, ila simu ya zamani huenda isiifungue.

Rekodi ya mfululizo iweke kwenye memori kadi. Ya GB 128 inachukua siku 5 hivi za HD, halafu inajifuta yenyewe kuanzia za zamani. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa kamera za ulinzi, za kawaida hufa haraka. Lakini mwizi aking'oa kamera anaondoka na kadi, kwa hiyo ya mlangoni mimi ningeiacha iendelee kutuma mtandaoni vipande vya watu.

Ukimaliza, zima waifai kwenye simu na TV usiku mmoja, mwambie kaka asifungue, uandike salio kabla ya kulala na baada ya alfajiri. Kitakachopungua ni cha kamera peke yake. Kikizidi MB 200, rudi ukachore eneo upya, ukianza na ya uani.