Flutter itakuwepo miaka kumi ijayo? Ngoja niwaambie yaliyonikuta na Xamarin

Juzi usiku nimepata meseji ya binti mmoja wa Tudor, yuko mwaka wa tatu chuo, kaandika kwa adabu sana, "Shikamoo kaka, samahani kwa usumbufu, nimesoma Flutter mwaka mzima na sasa kila mtu aniambia Google wataiua, wengine wasema nihamie Kotlin, wengine React Native, je nimepoteza wakati wangu?" Kwa wasioijua, Flutter ni fremuweki ya Google, yaani vifaa vilivyo tayari vya kutengenezea apu, waandika mara moja wapata ya Android na ya iPhone. React Native ni ya Meta, kazi ni ileile, na Kotlin ni lugha ya kuandikia apu za Android. Nimeisoma hiyo meseji mara tatu. Sababu swali hilo mimi nililiuliza vilevile zamani, fremuweki nyingine tu, na majibu niliyopewa yalikuwa ya ushabiki, huyu Simba yule Yanga, hakuna aliyenieleza kitu cha kunisaidia. Kwa hivyo leo nitajibu kwa urefu, na nitaanza na yangu mwenyewe, mtanisamehe.

Mimi nilianza na Xamarin. Nyinyi wa juzi labda hata hamuijui. Ulikuwa waandika kwa lugha ya C# mara moja wapata apu ya Android na ya iPhone, wakati huo ilikuwa kama miujiza. Kampuni ilianzishwa 2011 na kina Miguel de Icaza na Nat Friedman, alafu Februari 2016 Microsoft wakainunua na wakaifanya bure. Mimi naingia 2017 najiambia, Microsoft hawa, watakwenda wapi? Hiyo ndo ilikuwa hoja yangu nzima. Kampuni kubwa, basi mahali ni salama. Sikuuliza kingine chochote.

2019 nikapata kazi ya kwanza ya pesa za maana. Kuna mzee mmoja wa Kisauni ana biashara ya gesi, mitungi ya kilo 6 na ya kilo 13, ana vijana wa boda wanaosambaza, sisi sote mtaani twamwita Ami. Akanambia mwanangu, mimi nimechoka kupokea simu mpaka usiku wa manane, nataka mtu abonyeze, alipe M-Pesa, mtungi utoke. Nikamtengenezea. Kazi yenyewe sitawachosha nayo, ila siku ya kwanza tumekaa barazani kwake, oda imeingia kutoka Nyali, simu ikalia, kijana akatoka na mtungi mbio, Ami akanishika mkono akaniombea dua pale pale mbele ya watu. Sijaisahau ile siku. Kwa miaka sita ile apu ndo ilikuwa jina langu, watu wananiita "yule wa apu ya gesi", na kazi nne nyingine nilizipata kwa sababu yake. Nilijivunia na bado najivunia, ilikuwa kazi nzuri.

Sasa kosa. Mei 2022 Microsoft wakatoa .NET MAUI wakasema hii ndo njia mpya, na wakatangaza mapema kabisa kwamba Xamarin mwisho wa kuhudumiwa ni tarehe 1 Mei 2024. Muda ulikuwepo wa kutosha, siwezi kusema sikuambiwa. Nilisoma tangazo, nikalifunga, nikaendelea na kazi. Tarehe ikafika, ikapita, apu ya Ami iko vilevile, oda zaingia, pesa zaingia. Nikawaambia wenzangu ushaona, yalikuwa maneno tu.

Na hapa ndo nataka mnisikize vizuri, sababu hiki kitu sikukielewa mpaka kiliponiumiza.

Bibi yangu alikuwa na nyumba Majengo, nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati. Kuta zake, mabati yake, milango yake aliyoichagua mwenyewe kwa fundi. Ardhi si yake. Watu wa Mombasa hii mwaijua, nyumba bila ardhi, waijenga nyumba yako na kila mwaka walipa kodi ya ardhi kwa mwenyewe, na mwenyewe akibadilisha masharti huna la kusema. Sasa Flutter, React Native, MAUI, Ionic, zote hizi ni nyumba bila ardhi. Ardhi ni ya wawili, Apple na Google, na hao wawili kila mwaka masharti yanabadilika. Play Store kila mwisho wa Agosti wanapandisha kiwango, tangu 31 Agosti 2024 apu mpya na apdeti zilitakiwa kulenga API 34 (namba ya toleo la Android, hii ni Android 14), ilipofika 31 Agosti 2025 ikawa API 35, yaani Android 15. Apple nao Aprili 2025 walianza kukataa apu ambayo haijabildiwa na Xcode 16 kwenda juu, Xcode ndo programu yao ya kutengenezea apu. Kwa hivyo kila fremuweki lazima iwe na watu wanaolipwa mshahara kazi yao ni kukimbizana na haya masharti mwaka baada ya mwaka. Wakiondoka hao watu, nyumba yabaki imesimama, mwaka mmoja, miaka miwili hata, lakini kupigilia msumari mpya huwezi.

Xamarin ilikomea API 34. Agosti 2025 ikaja. Google walikuwa wanaruhusu kuomba muda mpaka 1 Novemba, nikaomba, nikapewa, na ule muda nikautumia kwa kazi za watu wengine. Katikati ya Novemba Ami ananipigia, bei ya gesi imebadilika na yuwataka kuongeza Likoni na Mtwapa kwenye usambazaji. Na zile bei, wallahi naona haya kuandika hapa, nilikuwa nimeziweka ndani ya apu yenyewe badala ya kwenye seva (kompyuta ya mtandaoni ambayo apu huiuliza), kwa hivyo kubadilisha shilingi hamsini lazima utoe apdeti. Nikabadilisha, nikabildi, nikapandisha, Play Console, pale pa kupandishia apu kwa Google, ikakataa. Nikajaribu tena. Nilikaa mbele ya ile skrini mpaka nikasikia adhana ya alfajiri.

Nikamwambia Ami nipe wiki tatu niiandike upya kwa Flutter. Akanambia, "Mwanangu, ni bei tu." Na hakukosea, kwake yeye ni bei tu. Wateja walikuwa wanalipa bei ya zamani kwenye simu alafu kijana wa boda akifika mlangoni anaanza kugombana nao kuhusu nyongeza. Wiki ya tatu haijaisha akanipigia, kwa upole kabisa, akasema mpwa wake kamletea kijana mwingine na kazi ishaanza. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Tukikutana Kongowea ananisalimia vizuri, ananiuliza mama yuaendeleaje, ya apu hayataji na mimi siyataji.

Basi turudi kwa Flutter.

Toleo la 1.0 lilitoka Desemba 2018, kwa hivyo si kitoto tena. 2024 Google walipunguza wafanyakazi na timu za Flutter na Dart (lugha ya kuandikia Flutter) ziliguswa, hapo ndo matanga ya mtandaoni yalipoanza na ndo huo uvumi alioupata mdogo wangu wa Tudor. Oktoba mwaka huohuo Matt Carroll, aliyewahi kuwa kwenye timu ya Flutter, akatangaza Flock, yaani tawi la Flutter la kuendeshwa na jamii, lalamiko lake likiwa timu ya Google ni ndogo mno ukilinganisha na wanaoitumia, mtu waripoti tatizo lakaa muda mrefu hakuna wa kulishughulikia. Watu walilisoma kama tangazo la msiba. Mimi nililisoma tofauti kidogo. Ni kweli lalamiko lina msingi, lakini pia ujue liliwezekana kwa sababu leseni ya Flutter ni BSD, yeyote aweza kuichukua akaendelea nayo. PhoneGap, fremuweki ya zamani, Adobe waliifunga 2020, Cordova iliyotokana nayo ikabaki hai kule Apache, shirika la programu huria. Titanium, nyingine ya zamani, wenyewe waliacha kuihudumia 2022, jamii ikaibeba. Hazikuwa na afya kama zamani, lakini mwenye apu yake alipata muda wa kuhama kwa heshima.

Kitu cha pili naangalia ni nani analala ndani ya hiyo nyumba. Google Earth ya simu imeandikwa upya kwa Flutter, NotebookLM ya simu ni Flutter, nje ya Google kuna BMW, kuna Nubank ya Brazili, Canonical wameitumia kwa programu ya kuinstolia Ubuntu. Hawa ndo wanaofanya mishahara ya wale wanaokimbizana na masharti iendelee kulipwa. Siku ukisikia wanahama mmoja mmoja, hapo shtuka. Lakini mmoja akihama usikimbie. 2018 Airbnb walipoiacha React Native watu waliizika, Januari 2020 Shopify wakasema sisi twahamia huko huko, na Oktoba 2025 Meta wakatangaza kuikabidhi kwa React Foundation chini ya Linux Foundation. Waliokimbia 2018 walikimbia bure.

Kotlin Multiplatform, yaani Kotlin ya kuandikia Android na iPhone pamoja, nayo ni ya kweli, si uvumi. JetBrains, wenye Kotlin, waliitangaza thabiti Novemba 2023, Mei 2024 Google wakaiunga mkono hadharani, na Mei 2025 upande wa kuchora skrini za iOS ukawa thabiti. Kwa hivyo ndio, Google wana mguu mmoja huku na mmoja kule, na anayewaambia hilo halina maana anawadanganya. Mimi maoni yangu, Flutter miaka mitano ijayo itakuwepo na kazi zitakuwepo. Miaka kumi siapi, na wewe usitafute mtu wa kukuapia, sababu mimi niliapiwa Xamarin.

Hatari ya karibu zaidi wala si Google. Ni pakeji, yaani vipande vya kazi vilivyoandikwa na wengine unavyoviingiza kwenye apu yako. Unaingia pub.dev, ghala la pakeji za Flutter, wachukua pakeji ya kupiga picha, ya ramani, ya kuprinti risiti, nyingine imeandikwa na mtu mmoja tu anayefanya kwa hisani yake, yuko na kazi yake na watoto wake. 2023 Gradle ya Android, mtambo unaobildi apu, ilipoanza kudai namespace, yaani jina la utambulisho, kwenye kila pakeji, mradi wangu mmoja ulikwama siku tatu kwa sababu ya pakeji ndogo ambayo mwenyewe ashaiacha. Flutter ilikuwa nzima kabisa. Sasa hivi kabla sijaweka pakeji naangalia mara ya mwisho kuguswa lini na ni nani yuko nyuma yake, na kama ni kazi ya mistari mia mbili naiandika mwenyewe.

Jambo jingine, Flutter huchora kila kitu yenyewe, batani yako si ile ya simu yenyewe. Ndo maana apu yaonekana ileile kwenye Tecno ya zamani na kwenye iPhone mpya, na hilo kwa wateja wetu hapa ni faida kubwa. Lakini Apple walipobadilisha sura ya iOS 2025, apu za Flutter hazikubadilika zenyewe. Ukichukua faida chukua na hilo, na umwambie mteja kabla hajakuuliza.

Bibi yangu ardhi ilipouzwa alipewa muda akaondoka. Alikwenda na milango, madirisha, mabati, mbao, vikajengwa tena Mtwapa, mpaka leo ukienda utaiona milango ya Majengo kwenye nyumba ya Mtwapa. Kuta za udongo alizikubali zibaki. Sasa wewe mdogo wangu, fungua mradi wako leo ujiulize ukiambiwa hama, utabeba nini? Bei, sheria za biashara, hesabu za usafiri, hizo ziende kwenye seva. Zile ambazo lazima zikae kwenye simu, ziweke kwenye Dart tupu, folda yake peke yake, isiyoingiza kitu chochote cha Flutter ndani. Majibu ya M-Pesa kutoka Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha apu na M-Pesa, yaangukie kwenye seva yako, apu iulize tu kama pesa imeingia. Skrini ndo ziwe kuta za udongo. Mimi skrini za Ami ningeziandika upya kwa siku kumi, kilichonimaliza ni kwamba kila kitu kilikuwa kimekandikwa ndani ya zile skrini, siwezi kutoa mlango bila kubomoa ukuta.

Na msikae kusubiri Agosti. Kila mwezi wa sita mimi sasa natenga wiki moja, napandisha toleo la Flutter kwenye miradi yote, napandisha kiwango cha API, nafanya testi kwenye simu tatu, hata kama hakuna mteja aliyeniomba. Na hiyo wiki nailipisha. Iko kwenye mkataba, imeandikwa kwa Kiswahili rahisi kwamba apu yahitaji kuhudumiwa kila mwaka kama gari na gharama ni kiasi fulani. Wengine wanakataa, nawaacha waende. Vijana wengi wa hapa Mombasa twaona haya kumwambia mzee wa watu kwamba kazi haiishi siku ya kukabidhi, twataka tuonekane mabingwa, twachukua pesa mara moja twaondoka na dua. Mimi pia nilifanya hivyo. Tuache, tafadhalini, tunawaumiza watu wenye biashara zao.

Binti wa Tudor, hujapoteza wakati. Maliza hiyo apu yako ya mwaka wa tatu kwa Flutter, na jioni mbili kwa wiki soma Kotlin kidogo ili ujue chini ya sakafu kuna nini. Nitumie ile pubspec yako, ile faili yenye orodha ya pakeji, inboksi nizipitie hizo pakeji, kuna mbili ulizozitaja kwenye meseji zimenitia wasiwasi, na nitakuandikia jina la ya kuweka badala yake kabla ya Jumamosi inshallah.