Je, Niache Ualimu Niwaandikie Watoto?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari ya bweni mjini Bukoba. Kwa miaka sita sasa ninaandika hadithi za maisha ya bwenini, na wanafunzi wangu huzisoma kwa kupokezana hadi karatasi zinachakaa. Nimeambatisha ukurasa wa kwanza wa mojawapo. Je, kuwaandikia watoto na vijana kunaweza kunipa riziki ya kutosha nikaacha ualimu?

JIBU: Mwalimu, kwa sasa usiache ualimu, wala usiweke kalamu chini. Ninasema hivyo nikimkumbuka mwandishi Barbara Kimenye, ambaye aliwahi kuishi hapo Bukoba. Alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akasomea uuguzi London, akaolewa na mwenyeji wa Bukoba na kuhamia huko, kisha akaenda Uganda, alikofanya kazi katika serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kabla ya kuingia katika uandishi wa habari, kazi aliyoiendeleza Nairobi. Kitabu chake cha kwanza, hadithi za kijiji kimoja cha Buganda, kilitoka mwaka 1965, wakati umri wake ulikuwa umeshapita miaka thelathini na alikuwa amekula mshahara wa kazi kadhaa.

Kilichompa jina kwa watoto wa Afrika Mashariki ni Moses, mvulana mtundu wa shule ya bweni ya Bwana Mukibi, na rafiki yake King Kong. Vitabu vya Moses vilianza kutoka katika miaka ya 1960 na vikaendelea kwa miaka mingi. Hapo pana somo kubwa kwako, kwa sababu mtoto aliyempenda mhusika hukimaliza kitabu kimoja akauliza kingine kiko wapi, na kila kitabu kipya huviamsha vile vya zamani. Mrabaha, yaani malipo ya mwandishi, ni asilimia ndogo ya mauzo, hulipwa baada ya mchapishaji kufunga hesabu, na kitabu kimoja peke yake ni nadra kumlipia mtu kodi ya nyumba. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba, soma vifungu vya mrabaha na haki za tafsiri polepole, ukiwa na mtu anayeelewa sheria.

Sasa nije kwenye ukurasa wako, ambao nimeusoma mara tatu kwa furaha. Yule kijana anayeficha kikopo cha senene chini ya godoro, kisha akalala macho wazi kwa kuhofia kwamba harufu itamfichua, nimemwona kabisa. Lakini mara tu baada yake umeweka aya nzima ya kumweleza msomaji kwamba uchoyo ni tabia mbaya. Ifute, tafadhali. Anayezungumza pale ni mwalimu wa zamu, na mtoto aliyekuwa anacheka atakifunga kitabu.

Ukimaliza kuusafisha mswada, fuatilia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo hupokea pia hadithi za watoto. Kabla ya hapo, wape wanafunzi wako ukurasa huo bila ile aya, ukae nyuma ya darasa, utazame ni mstari gani unaowafanya wainue macho kutoka kwenye karatasi. Mstari huo ndio wa kuandika upya.