Bima ya afya ya lazima: majibu kwa wasomaji wetu

*Msomaji wa Tandale, mwenye duka la nafaka, anauliza: "Sijawahi kulazwa hata siku moja. Kwa nini sheria inilazimishe kulipia magonjwa ya wengine?"*

Ndugu yangu, tazama chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwenu. Kingedumu vipi kama watu wangeruhusiwa kujiunga asubuhi ya msiba, wakachukua turubai, masufuria na fedha za sanda, kisha wakajitoa arobaini ikiisha? Bima ya hiari ina ugonjwa huohuo: anayewahi kujiandikisha ni yule aliyekwisha kuambiwa kwamba figo zake zina tatizo, ilhali mzima anasubiri, mfuko unalipa kuliko unavyopokea, mchango unapandishwa, na wazima wachache waliobaki nao wanaondoka. Tuliyaona hayo kwa Toto Afya Kadi, bima ya hiari ya watoto iliyotolewa kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, mpaka usajili wa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa mwaka 2023 na wazazi wakaelekezwa kupitia shuleni. Ujerumani, iliyotangulia katika jambo hili mwaka 1883, haikuwasihi wafanyakazi wa viwandani. Iliwaingiza kwa sheria.

*Msomaji wa Mbagala: "Nakatwa asilimia 3 ya mshahara. Bosi wangu analipwa mara kumi yangu. Je, atatibiwa vizuri zaidi?"*

Msingi wa mfumo huu ni kwamba mchango hufuata kipato na matibabu hufuata ugonjwa. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa 24,000 na mwajiri wake huongeza kiasi hichohicho. Mwenye milioni nane hukatwa 240,000, lakini akivunjika mguu, mguu ni uleule.

*Mama lishe wa Kariakoo: "Mimi sina mshahara. Nitakatwa wapi?"*

Swali hili ndilo gumu kuliko yote. Kenya, tangu Oktoba 2024, hudai asilimia 2.75 ya kipato, na asiye na ajira hukadiriwa uwezo wa kaya yake, mradi asilipe chini ya shilingi 300 za huko kwa mwezi. Ghana iliongeza tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma. Sheria yetu ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka asiye na ajira rasmi achangie kwa kaya, na wasio na uwezo wagharamiwe na mfuko unaotegemea, pamoja na vyanzo vingine, kodi za vinywaji na vipodozi. Binafsi naona ni rahisi kukusanya fedha kwenye chupa ya soda kuliko kumfuata mama lishe jikoni kwake kila mwezi.

*Msomaji wa Ilala: "Nina kadi, mbona dawa nilinunua mwenyewe?"*

Yalinikuta na mimi katika zahanati moja ya hapa jijini: mhudumu alisoma cheti, akasukuma karatasi chini ya kioo na kusema, "Hii hakuna." Nikavuka barabara, nikalipa. Kosa langu lilikuwa kutouliza maana ya "hakuna". Ikiwa dawa haimo katika kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa zinazolipiwa na bima, gharama ni yako. Ikiwa imo ila imeisha dirishani, mfuko una maduka ya dawa uliyoyasajili kwa ajili hiyo, nawe una haki ya kuelekezwa huko kabla hujafungua pochi.