Uzi mnene na kikapu kisichosimama

SWALI: Ndugu Mshauri, nimezoea kufuma vitambaa vya meza kwa uzi mwembamba. Juzi nilijaribu uzi mnene wa akriliki ili nifume kikapu cha sebuleni, lakini kuta zake zinalegea na kuanguka. Je, nimekosea wapi?

JIBU: Mkono wako hauna kosa, ndugu msomaji. Lebo za uzi mnene kwa kawaida hupendekeza sindano ya kroshia ya milimita 6.5 hadi 9, kipimo kinachofaa blanketi linalotakiwa kuwa laini, ilhali kikapu kinahitaji mishono iliyobanana. Kwa hiyo tumia sindano iliyo nyembamba kwa kipimo kimoja au viwili kuliko ile ya kwenye lebo, hata kama vidole vitachoka mapema kuliko ulivyozoea. Fuma kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10, kisha ukisimamishe wima uone kama kinajikunja. Tafadhali usiiruke hatua hii, kwa sababu uzi mnene huisha upesi, na ule wenye manyoya hufumuka kwa taabu. Binafsi ningechagua uzi wa pamba, ambao haunyumbuki sana. Akriliki uliyonayo itapendeza zaidi kwenye foronya ya mto.