Mwanangu, kuhusu hizo kazi mbili za ukocha

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma. Unauliza uchukue ipi, ile timu ya Big League, ligi yetu ya daraja la pili, inayotaka uwe kocha mkuu moja kwa moja kwa sababu ya jina lako, ama hii shule ya hapa Jinja inayotaka uwe msaidizi wa yule mwalimu wa michezo ambaye hata daraja la chini hajawahi kucheza. Na naona moyo umeshaelemea kule kwa ukubwa.

Mimi nasema shule.

Wewe ulikuwa namba tano, beki wa kati, sifa yako ilikuwa ile ya kupanda ghafla straika anabaki ofsaidi, uwanja mzima kelele. Nikakuuliza siku moja unajuaje saa ya kupanda, ukasema baba najua tu. Haya, hiyo "najua tu" utampaje kijana wa miaka 15? Atapanda peke yake, wenzake watatu wako nyuma, goli, halafu wewe utafoka wakati hukumwambia kitu. Yule mwalimu hana miguu yako kwa hiyo ilibidi akivunje kitu vipande vipande, nani anatoa sauti ya kupanda, wengine wanamtazama nani, na kwamba mpira ukirudishwa nyuma ndio saa yenyewe maana mpira ukiwa njiani kurudi hakuna wa kupiga pasi ndefu mbele. Nilimkuta uwanjani anawatembeza watoto kwenye koni polepole kama maharusi, nikacheka, lakini mechi ilipofika ile beki ilipanda pamoja. Hata jeshini tuliyaona hayo, kuruta aliyekuwa na shabaha kuliko wote ukimpa wenzake awafundishe anakasirika tu mbona hawapigi kama yeye.

Usimdharau kwa kuwa hakucheza. Kocha McKinstry aliyeshika Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, 2019 hakuwa mchezaji wa kulipwa, na baadaye akachukua ubingwa wa ligi ya Kenya na Gor Mahia. Na usione aibu ya kuitwa msaidizi. Sekagya aliyekuwa kapteni wetu wa Cranes, kacheza Argentina, Salzburg, akamalizia New York Red Bulls, na ukocha akauanzia huko huko kama msaidizi. Jackson Mayanja, Mia Mia mwenyewe, mchezaji mwenye jina toka klabu ya KCC ya Kampala mpaka Misri, mwaka 2016 alishika Simba ya Dar, akaletwa Omog kuwa kocha mkuu juu yake na yeye akakaa chini yake akaendelea na kazi.

Tena mpira wa shule hapa kwetu si mchezo wa kitoto. Shule ya Kitende wanavyojaza wachezaji kwenye ligi wewe unajua kuliko mimi, na hapo ndipo unampata kijana kabla hajaharibiwa na mtu mwingine.

Pesa ni kidogo, ndio. Lakini hao wa Big League umeniambia wewe mwenyewe mkataba hawajaandika, wanasema "tutaelewana". Ukifungwa mechi tatu mtaelewana nini? Utaondoka wanakudai lawama na wewe unawadai mishahara. Shule iandike karatasi, mshahara wa muhula na likizo iwe wazi humo, usaini.

Halafu leseni ya ukocha. Fuatilia FUFA, shirikisho letu la mpira, kozi ijayo, anza chini, upande C, B, mpaka A, maana CAF, shirikisho la mpira la Afrika, haikubali kocha mkuu kwenye mashindano yake bila A hata awe alicheza wapi. Hapo ada nitasaidia, nitauza yule ndama. Usimwambie mama yako kwanza, ndama ni wake.

Na ukifika shuleni yule muite mwalimu, sio "bro", hata kama umri wenu unalingana. Siku za kwanza beba mipira nyamaza utazame. Watoto watataka uwaonyeshe ufundi, waonyeshe kidogo, wafurahi, basi.

Mama anauliza goti limepungua kuvimba ama bado. Mpigie yeye, mimi ananiuliza kila jioni kama vile ni langu.

Baba yako