Mazungumzo yamekwama: niandike impasse, deadlock au stalemate?

Swali: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, kila tukitoka kwenye kikao na mwajiri naandika muhtasari kwa Kiingereza maana unaenda kwa wakubwa wa kampuni walioko nje. Juzi niliandika "The parties reached to impasse", mwenyekiti akakata akaweka "stalemate", mwenzangu mwingine akasema hapana, ni "deadlock". Kamusi yangu yote matatu inaniambia "mkwamo". Sasa nishike lipi na sentensi ikaeje?

Jibu: Nzuri ndugu katibu, pole na majukumu. Tuanze na sentensi yako maana ndo imeshaenda huko. Neno ulichagua vizuri kabisa, kilichoharibu ni hiyo "to" halafu ukaisahau "an". "Reach" haitaki kihusishi katikati, inashika jina lake moja kwa moja kama sisi tunavyosema tumefika mjini, na "impasse" inahesabika kwa hiyo lazima itanguliwe na kitu: "The parties reached an impasse." Wakiwa bado wapo palepale unaandika "The parties are at an impasse", na kama unataka kutaja wanachogombania unaweka "over": "an impasse over overtime pay". Ukisoma kwa sauti hiyo e ya mwisho imeze, Wamarekani wanasema im-pas, Waingereza wengi wanavuta kidogo, am-paas.

Neno lenyewe ni la Kifaransa, na huko mpaka leo unalikuta kwenye vibao vya mitaa isiyotokea upande wa pili. Aliyewahi kupotea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe anaijua hali hii, unatembea unakata kona unakutana na ukuta wa nyumba ya mtu. Hujashindwa wala hujagombana na mtu, ila kwa njia hiyo hupiti, inabidi urudi utafute nyingine. Ndo maana nalipenda kwa muhtasari wa kikao, halimlaumu mtu na linaacha mlango wazi.

"Deadlock" ni nzito zaidi, hapo watu wameshikana. Mwaka 1779 Richard Brinsley Sheridan alilitumia kwenye tamthilia yake The Critic, kuna mabinti wawili wanataka kumchoma mwanamume kwa majambia, yeye naye kawaelekezea ya kwake, wajomba wa mabinti wamemwelekezea yeye panga, basi hakuna anayethubutu kupiga na kila mmoja anaogopa kuachia wa kwanza. Hiyo picha ibaki kichwani, maana mpaka mafundi wa kompyuta wanalitumia hivyohivyo: kazi mbili kwenye database kila moja imefungia kitu ambacho mwenzake anakisubiri, zinatazamana tu mpaka mfumo uivunje moja, na kwenye MySQL, programu ya kutunza database, utaona kosa namba 1213. Kwa hiyo mwajiri akisema sipandishi mshahara mpaka mgomo usitishwe, na nyie mnasema hatusitishi mpaka mshahara upande, hapo mwenzako yuko sahihi, "The two sides are deadlocked over pay." Unaona limekuwa kama kitenzi, "impasse" hailiwezi hilo, usije ukaandika "impassed". Pia unaweza kusema "The talks ended in deadlock", hapo bila "a" na ni sawa.

Halafu deadlock kwa kawaida inavunjwa, usiitumie na "finish". Kila wikiendi mnawasikia watangazaji wa mpira wa Kiingereza, bao la kwanza likiingia wanasema fulani "broke the deadlock". Siasani ni hivyohivyo, Kenya Februari 2008 msuluhishi Kofi Annan aliona timu mbili mezani hazisogei, tarehe 26 akasimamisha mazungumzo akaenda moja kwa moja kwa Kibaki na Raila, tarehe 28 wakasaini. Hapo unaandika "Annan broke the deadlock", ukiandika "finished the deadlock" mtu ataelewa ila ataona umelazimisha.

"Stalemate" imetoka kwenye sataranji. Zamu ni yako, mfalme wako hajashambuliwa, lakini huna kete yoyote inayoruhusiwa kusogea, mchezo unaisha sare. Kwenye bao letu ukikosa pa kucheza umefungwa, hakuna sare, kwa hiyo hili tusilichukulie kirahisi maana linabeba wazo la nguvu sawa na hakuna mshindi. Vita vya Korea kuanzia katikati ya 1951 mstari wa mbele haukusogea sana mpaka makubaliano ya kusimamisha mapigano Julai 1953, hiyo ni stalemate haswa. Kikao kimoja kilichochukua saa tatu mimi nisingekiita hivyo, kwa hiyo hapo mwenyekiti wako nampinga kwa heshima.

Kuna jambo moja naomba ulishike sana. Miaka ya mwanzo ya kazi nilikuwa nakalimani mgogoro wa ardhi, mzee mmoja akasimama akasema kwa uchungu "mazungumzo yamegonga mwamba", mimi haraka haraka nikatoa "The talks have collapsed". Nikamwona wakili wa upande wa pili anafunga faili, anafunika kalamu, anavaa koti. Mzee alikuwa anamaanisha leo tumekwama, mimi nikamsemea kwamba yamekufa, na kuwarudisha mezani ilichukua wiki kadhaa. Mpaka leo inaniuma. Kwetu kugonga mwamba kunaweza kuwa kukwama au kushindwa kabisa, Kiingereza kinakulazimisha uchague, ukiwa na shaka muulize aliyesema.

Na kama hao wakubwa wako Marekani kuwa makini na "impasse" yenyewe, kule kwenye sheria ya kazi ni neno la kisheria, majadiliano ya nia njema yakifikia hapo mwajiri anaweza kutekeleza ofa yake ya mwisho bila makubaliano. Sheria hiyo haiwafungi nyie huku, ila mwanasheria wao akilisoma anaweza kudhani mmekiri hamna tena cha kujadili. Kama bado mna hoja mezani andika kawaida tu "No agreement was reached", au "The talks have stalled".

Muhtasari wa juzi, kama mlipanga kurudi na wakubwa hawako Marekani, ningeuandika hivi: "The parties reached an impasse over overtime pay and agreed to meet again on Monday." Hiyo siku ya kurudi usiiache nje ya sentensi, na ukipata nafasi mwonyeshe mwenyekiti kabla hujatuma.